Naombeni ushauri: 42 − 17 imenishinda kuwafundisha watoto

Mwl_Madogo: Wakuu, nimekwama. Makumi na mamoja wanasoma vizuri, kujumlisha hawana shida. Nikiwapa 42 − 17, darasa zima linaandika 35. Vijiti vipo, chati ipo ukutani. Wiki ijayo nakaguliwa, hata usingizi sipati.

Mzazi_Mkali: Nyumbani wamezoeshwa katuni, sasa mnategemea nini?

KadiKumi: Anza na kuandika. Watajie ishirini na tano. Wapo watakaoandika 205. Kata kadi za makumi zenye upana wa sm 10, za mamoja sm 5. Kadi ya 5 ilaze juu ya sifuri ya 20, upande wa kulia. Mtoto akiinua anaona sifuri bado ipo chini.

Mwl_Madogo: 25 wanaandika sawa. Shida yangu ni kukopa.

Kiazi_Kitamu: Kukopa hata watu wazima kumetushinda 😂

Mdadisi: Hii chai. Watoto darasa zima wakosee kwa jibu moja? Kila mmoja angekosea kivyake. Umetunga.

Chelewa: Si chai. 2 kutoa 7 anaona haiendi, anageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Halafu 4 kutoa 1 ni 3. Hiyo hapo 35. Wape 63 − 28, wataandika 45. Mwalimu, vitita vya kumi wanavifungua wenyewe?

Mdadisi: Haya, ajibu.

Mwl_Madogo: Vitita nilitengeneza mimi.

Chelewa: Sijauliza nani katengeneza. Vinafunguka?

Mwl_Madogo: Nimevigundisha. Watoto 60, makundi 15, kila kundi vitita 5. Rababendi wangerushiana, vijiti 750 vingeishia chini ya madawati. Na kazi yote nimeshamaliza, siwezi kuanza upya.

Chelewa: Ndipo ulipokwama. Kwa mtoto hicho ni kijiti kinene tu, kumi ndani yake hajawahi kuzigusa. 42 ni vitita 4 na vijiti 2. Afungue kitita kimoja: vinabaki 3 na vijiti 12. Aondoe 7, vibaki 5; aondoe kitita kimoja, vibaki 2. 25. Wafanye hivyo kwa mikono kabla hujaandika kikumi kidogo juu ya 2.

KadiKumi: Aache vinne na gundi, kimoja kifunguke. Yaishe.

Chelewa: Watakariri kwamba kile kimoja ndicho cha kufungua. Vyote vifunguke. Badala ya rababendi, kata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa upana, pete za nusu sentimita. Ikilegea izungushe mara mbili. Kila kundi lirudishe vitita 5 kamili. Kikipwaya, wahesabu upya wenyewe.

Mwl_Madogo: Na gundi je? Nikikata kwa kisu vijiti vinapasuka.

Chelewa: Gundi gani?

Mwl_Madogo: Ile nyeupe ya karatasi.

Chelewa: Loweka kwenye maji ya moto, italainika. Vichambue, vianike kivulini visipinde.