Ratiba ya ujenzi wa madarasa Tanga: Microsoft Project, ProjectLibre au GanttProject?

Mjenzi wa Chumbageni: Ndugu zangu, nawasalimu. Kampuni yetu ndogo ya ujenzi hapa Tanga inatakiwa kuchagua programu ya kupangia ratiba ya kazi kabla ya wiki hii kwisha. Nimezitazama Microsoft Project, ProjectLibre na GanttProject. Ipi inafaa zaidi?

Mpimaji Raskazone: Ndugu yangu, kwa maelezo hayo hujibiki. Mnajenga nini, ni wangapi watakaoigusa ratiba, na mshitiri, yaani mwenye kazi, anataka faili la aina gani? ProjectLibre ni ya bure na hufungua faili la Microsoft Project, lakini haihifadhi kwa umbo hilo, itakutolea XML, yaani faili la maandishi ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma. Ikiwa mhandisi mshauri ameandika kwenye mkataba kwamba anataka faili la Microsoft Project lenyewe, basi nunueni leseni.

Binti Ngamiani: Mimi nashauri GanttProject. Nayo ni ya bure, haina mambo mengi, na anayeanza huielewa upesi.

Mjenzi wa Chumbageni: Ahsanteni. Ni madarasa manne na ofisi ya walimu, upande wa Pongwe, na msingi tunataka uishe kabla ya masika. Kompyuta ni moja. Tunafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, ila Ijumaa mchana mafundi wengi huenda msikitini. Kuhusu faili, mkataba haukutaja.

Fundi Mabawa: Kaka, kabla ya jina la programu, tazama ratiba itakavyoundwa. Niliwahi kusimamia kazi chini ya mkandarasi mmoja ambaye ratiba yake ilichorwa kwa programu ya gharama kubwa na kubandikwa ukutani ikiwa na rangi za kupendeza, lakini aliyeiandaa alikuwa amempa kila fundi tarehe yake bila kuunganisha hata kazi moja na iliyoitangulia. Masika yakaingia, mitaro ya msingi ikajaa maji, uchimbaji ukasimama. Tulipoingiza ucheleweshaji huo kwenye kompyuta, hakuna mstari mwingine uliosogea. Mbao za kupaulia zikaletwa kwa tarehe ile ile ya awali, zikalala juu ya udongo mbichi hadi zikapinda, ilhali kuta hazijafika hata kwenye linta. Mafundi wa plasta wakaja kutoka Muheza na ndoo zao, wakashinda chini ya mwembe, jioni wakadai nauli na posho, na walikuwa na haki. Unganisha kazi zako: kuta zisubiri msingi, kupaua kusubiri kuta. Tena, katika Microsoft Project, ukiandika tarehe kwenye safu ya kuanza, programu huweka sharti kwamba kazi isianze kabla ya siku hiyo, hata iliyotangulia ikiisha mapema.

Mpimaji Raskazone: Fundi amesema kweli. Niongeze kalenda: ile ya kawaida ya Microsoft Project ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo lazima uongeze Jumamosi na upunguze saa za Ijumaa. Zege, kwa upande wake, halijui Jumapili. Linaendelea kukomaa, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Microsoft Project ina muda mfululizo, yaani unaohesabu usiku na siku za mapumziko pia, kwa kazi za namna hiyo. GanttProject hupanga kwa siku nzima, hivyo Ijumaa yenu itawasumbua.

Binti Ngamiani: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Ni nani atakayefuatilia ratiba ya madarasa manne kwa saa? Hesabu ya siku inatosha, na saa mbili za Ijumaa zinamezwa na akiba ya muda. Kinachovuruga zaidi ni Idd, kwa kuwa mwezi ukionekana au usipoonekana, mapumziko husogea kwa siku moja. Hilo hakuna programu itakayokufanyia.

Mpimaji Raskazone: Akiba ikiliwa na Ijumaa, dada, mvua utaiwekea nini?

Mjenzi wa Chumbageni: Nitamwandikia mshitiri kesho kuhusu faili, na wakati huo nitaunganisha kazi za msingi ndani ya ProjectLibre nione zinavyosogea. Lakini mnyapara wetu hana kompyuta, ana simu tu na daftari. Kwenu, maendeleo ya kila siku huingizwa na nani?

Fundi Mabawa: Kwetu mnyapara hupiga picha ukurasa wa daftari kila jioni na kuutuma ofisini. Ila asiyeingiza Jumamosi, Jumatatu huwa amesahau.