Msaada: DAC ndogo ya kuchomeka kwenye simu kwa hedifoni za ohm 250

BesiYaMoro:
Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa la besi kwenye bendi moja hapa Morogoro, harusi na kumbi za hapa na pale. Kiongozi wetu amepania turudishe dansi ya miaka ya 70, enzi za Morogoro Jazz, na mimi ndiye wa kuzitoa hizo besi sikioni noti kwa noti. Kwenye spika ya simu husikii besi, unasikia mvumo tu nyuma ya magitaa.

Shemeji yangu aliyekuwa studio kaniachia hedifoni zake, Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250, zenye ule waya wa kujikunja. Simu ni Galaxy A54, haina tundu la hedifoni. Nikauziwa Kariakoo adapta fupi ya Type-C kwenda 3.5, shilingi elfu tano. Nachomeka, simu haishtuki hata kidogo, muziki unaendelea kutokea kwenye spika. Kwenye Huawei P20 ya jirani adapta hiyohiyo inapiga vizuri. Muuzaji anasema simu yangu mbovu.

Sasa naambiwa ninunue DAC, kidude cha kugeuza muziki wa simu kuwa sauti ya hedifoni. Naona kuna ya Apple ya dola 9 huko Marekani, na nyingine bei yake unapata simu nzima. Bajeti laki moja, nikikabwa sana laki na nusu. Ninachotaka ni sauti itoshe, na ifanye kazi na programu ninayotumia kupunguza kasi ya wimbo. Bluetooth msinishauri: napiga gitaa huku wimbo unacheza, sauti ikichelewa kidogo tu vidole vinapotea.

jogoo_mtaani:
Uza hizo hedifoni, nunua simu ya mtumba yenye tundu, chenji unywee supu. Umemaliza.

fundi_mita:
Jogoo, simu yenye tundu haimsaidii sana huyu. Ohm ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyozuia umeme, na matundu mengi ya simu yalitengenezewa earphone za ohm 16 au 32. Za 250 zitalia, ila kwa unyonge.

Mkuu Besi, simu yako nzima kabisa. Adapta uliyouziwa ndani yake hamna kitu zaidi ya nyaya. Inategemea simu yenyewe ndiyo igeuze namba kuwa umeme wa sauti na kuupitisha kwenye Type-C, na P20 inafanya hivyo. A54 haifanyi, inatoa namba tupu, kwa hiyo chipu ya kugeuza lazima iwe ndani ya adapta. Hiyo chipu ndiyo DAC, na pembeni yake kuna kikuza sauti kidogo. Kwa macho zinafanana, hata muuzaji anaweza asijue anachouza. Dukani usiulize jina, chomeka kwenye simu yako palepale usikie.

Sasa kwako wewe cha kuangalia ni volti. Hao wanaoandika namba kubwakubwa kwenye boksi, biti 32 na kilohetsi 384, waache. DT 770 za ohm 250 kiwandani wanaziandikia desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja ya umeme. Miliwati moja kwenye ohm 250 ni nusu volti. Ukipandisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6: volti moja inakupa kama 102, volti mbili kama 108. Utasema 96 mbona ni kelele tosha? Ni kweli, kwa muziki wa leo uliorekodiwa ukiwa juu mwanzo mpaka mwisho. Rekodi za zamani zimo chini, na ukizichuja ili besi itokeze zinashuka tena. Hapo nusu volti utaiona ndogo.

Ya Apple ni kitu kizuri sana kwa bei yake, wala sisemi kwa utani. Lakini ipo ya aina mbili: ya soko la Marekani inatoa volti moja, ya Ulaya nusu. Halafu ukiiweka kwenye Android, mara nyingi sauti ya ndani ya chipu yake inabaki imeshushwa, na kitufe cha simu hakiifikii. Dawa yake ni programu ya kulipia inaitwa USB Audio Player PRO, inaruka mfumo wa sauti wa Android na kuishika DAC moja kwa moja. Kwa msikilizaji wa kawaida yameisha. Kwako hayajaisha, maana dawa inafanya kazi ndani ya programu hiyo tu. Ukirudi kwenye yako ya kupunguza kasi, unyonge uko palepale.

Kwa hiyo tafuta adapta iliyoandikwa volti 2 kwenye tundu la 3.5. Zipo ndani ya bajeti yako. Za bei ya juu zaidi zina tundu la pili, nene, la milimita 4.4, lenye volti zaidi, ila usililipie: waya wa DT 770 Pro umefungwa moja kwa moja kwenye hedifoni, na pini yake ni ya stereo ya kawaida. Kutumia 4.4 lazima ukate waya na kuunganisha upya. Mimi kazi hiyo naifanya na nalipwa, na bado nakwambia usifanye.

mama_soundi:
Niko kwa mitambo ya kanisa hapa Nakuru. Kaka, namba za fundi nazikubali, lakini kwa nini ununue volti za kusukuma hedifoni ngumu? Chukua earphone za kuingia ndani ya sikio, zile wanamuziki huvaa jukwaani. Ni rahisi kusukuma, hata ile adapta ya dola 9 itazitosha kwa Android, na utazivaa kwa shoo pia. Besi utaisikia, bora tu upate mpira unaoziba sikio vizuri. Usipoziba, besi yote inatorokea nje.

BesiYaMoro:
Asante dada, hoja nzito. Ila hizi nimepewa bure na shemeji akija huwa anaziulizia.

sikio_safi:
Mbona hakuna anayemwambia kuhusu Android kubadilisha kila kitu kuwa kilohetsi 48, yaani sauti kupimwa mara elfu 48 kwa sekunde? Wimbo wa CD ni 44.1. Ukiubadilisha haubaki ulivyokuwa, haijalishi DAC ni ya bei gani.

fundi_mita:
Haki yako kulisema, na kuanzia Android 14 Google wameweka njia ya programu kuomba sauti ipite bila kuguswa. Lakini yeye anaupunguza wimbo kasi kwa nusu! Programu imeshaukata vipande na kuushona upya kabla haujaifikia DAC. Hiyo 44.1 ataisikia wapi?

Besi, mafaili yenyewe umeyapata wapi?

BesiYaMoro:
Mengi ni MP3 za kutumiana WhatsApp. Nikiangalia zimeandikwa 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde. Mbili tatu nimezitoa kwenye kaseti ya baba.

fundi_mita:
Basi hapo pana faida kubwa kuliko tofauti kati ya DAC ya elfu themanini na ya laki tatu. Za kaseti zirudie upya, safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti kwanza, uhifadhi kwa FLAC au WAV, mafaili yasiyotupa sehemu ya sauti kama MP3. Za WhatsApp tafuta kama zimewahi kutoka kwenye CD. DAC haiwezi kukurudishia kilichokwisha kutupwa. Itakachofanya ni kukuonyesha vizuri kwamba hakipo.

mama_soundi:
Hapo ninakubaliana na fundi asilimia mia. Na kama rekodi ni mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, na upande mmoja una kelele ya kaseti, chukua upande ule msafi peke yake uuweke kwa masikio yote mawili.

BesiYaMoro:
Nimeelewa. Nachukua ya volti 2 yenye tundu moja. Maswali mawili: inakula chaji sana? Na ule waya wa DT ni mzito, hautaninyofolea Type-C?

fundi_mita:
Chaji inakula, ukikaa nayo mchana kutwa utaona. Adapta za kawaida hazikuruhusu kuchaji huku unasikiliza. Kuna zenye tundu la pili la chaji, lakini nyingine zinaleta mluzi mwembamba ukichomeka chaja, zijaribu kwanza. Ukisikia mikwaruzo simu ikihangaika na mtandao, weka hali ya ndege.

Waya umeuliza la maana. Usichukue adapta ngumu ya kipande kimoja inayosimama kama kijiti. Chukua yenye waya mfupi laini katikati, simu ilaze mezani, na waya wa DT uuzungushe mara moja kwenye mguu wa stendi yako ya noti ili uzito usivute tundu.

Ukichomeka, hedifoni ziwe shingoni kwanza. Adapta nyingine zinaanza na sauti ya juu kabisa.

jogoo_mtaani:
Supu bado ipo lakini.