Huyu bwana wa "fungua macho" anawafukuza wanaoanza jiokashi (mchezo wa kusaka kwa GPS makasha yaliyofichwa) Nyanda za Juu. Aambiwe leo

Dira_ya_Loleza (Mbeya)

Wakuu, kamwene.

Naandika nina hasira na asije mtu kuniambia nitulie. Ninayemsema mnamjua. Wa Mbeya mnamjua, wa Iringa mnamjua, hadi mbuzi wa Makete wanamjua, kwa hiyo jina silitaji. Asubuhi hii kijana mgeni kauliza swali la heshima kabisa: "Nimefika, simu inasema mita 0, nimezunguka weee, kasha silioni. Nakosea wapi?" Kasalimia vizuri, kashukuru kabla hata hajajibiwa, aina ya simu kaitaja. Jibu alilopewa: "Fungua macho." Basi. Maneno mawili na vikatuni vya kucheka.

Fungua macho!

Macho ya yule kijana hayana shida yoyote. Shida iko kwenye hiyo mita 0, na jamaa anajua, maana kwenye mchezo huu ni mkongwe. Simu nzuri mahali pa wazi inakosea kama mita 5. Aliyeficha naye siku ile anachukua namba za mahali (koordineti), simu yake ilikosea mita zake. Kosa la huyu likienda mashariki na la yule magharibi, umeshafika mita 10, na hapo juu yako ni anga tupu. Ingia kwenye mipaina ya Sao Hill au msitu wa Ngosi uone mshale wa simu unaoelekeza kwenye kasha unavyocheza. Shuka katikati ya nguzo za Isimila, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za udongo kwanza ndipo yaifikie simu, na mshale unaruka upande huu na huu. Duara la mita 10 kila upande ni zaidi ya mita za mraba 300. Ndani yake unatafuta kikopo cha filamu. Halafu mtu anakuambia fungua macho!

Alitakiwa aandike hivi, na isingemchukua hata dakika mbili. Rudi nyuma mita 20 au 30. Tembea kuelekea kasha kwa mwendo wa kawaida, usisimame simame, maana GPS inajua umeelekea wapi ukiwa unatembea tu. Ukisimama, mshale unabahatisha. Angalia mshale unalenga kitu gani mbele yako, mti au jiwe, ukikariri. Zunguka uje tena kutoka upande mwingine, ule wa kukata njia yako ya kwanza, ufanye vilevile. Ukipata na upande wa tatu ni bora zaidi. Mistari inapokutana, hapo ndipo katikati, sio pale simu ilipokuandikia 0. Weka alama, hata kijiti. Simu mfukoni. Kabisa, mfukoni! Wanaoanza wengi wanakosa kasha kwa sababu wanakanyaga huku na huku wakifukuza namba kwenye kioo.

Kisha tafuta kwa mikono kuanzia pale kwenye kijiti ukitanua duara taratibu. Anza usawa wa kifundo cha mguu, kisha goti, kifua, halafu juu ya kichwa. Watu wanasahau juu. Watu wanasahau pia upande wa chini wa vitu: chini ya ubao wa benchi, nyuma ya vyuma vya pembeni mwa barabara ambako vikopo vya sumaku vinabandikwa. Unatafuta kitu ambacho mvua na upepo havikipangi hivyo: vijiti vimelala sambamba, mawe matatu yamepangwa kwenye shimo la mti, gome lililokauka limeegeshwa mahali ambapo hakuna mti wa gome hilo.

Na kabla ya yote hayo angemuuliza namba kaziingizaje, maana kuna wanaotafuta mtaa mwingine kabisa. Makasha yanaandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, mfano S 08° 54.500'. Mgeni akiisoma kama dakika 54 na sekunde 50, yuko zaidi ya mita 600 pembeni. Akiiandika 8.54500 kwenye ramani ya simu, ameruka kilomita 40 kaskazini, upande wa Chunya huko. Akisahau S akaacha N, programu inampeleka Sudan Kusini. Sasa huyo hata ukimpa darubini, afungue macho aone nini?

Na la kwanza kabisa: kasha la kuanzia linachaguliwa. Ugumu wa kulitafuta 1 au 1.5, ugumu wa njia usizidi 2 (vyote hupimwa 1 hadi 5), ukubwa lita 1 kwenda juu, na liwe limepatikana karibuni. Ukikuta waliotangulia watatu mfululizo wameandika hawajaliona, achana nalo, huenda halipo.

Hayo ndiyo majibu. Yeye kaandika fungua macho. Na kuna watu wamelipenda hilo jibu, nimewaona!

---

BintiMafinga

Umesema vyema mkuu. Huyo huyo ndiye anayewaambia wageni kwamba kuandika "sijaliona" ni kuchafua ukurasa wa kasha. Sio kweli hata kidogo. Mwenye kasha hajui kama limebebwa na maji mpaka watu waandike. Wageni, andikeni, na mseme mmetafuta wapi na mazingira yakoje. "Nimeangalia shina lote na mawe ya upande wa barabara, nyasi zimefika kiunoni" inamsaidia mwenye kasha kuliko mia moja za "asante kwa kasha".

---

Kiberiti_Chunya

Mkuu, uzi mrefu kuliko barabara ya kuja kwetu. Kwa maneno mawili tu povu lote hili?

---

Dira_ya_Loleza

@Kiberiti_Chunya litoke tu. Kijana kasema MITA 0. Anaambiwa FUNGUA MACHO. Hayo sio maneno mawili, ni kumfungia mtu mlango.

---

Kiberiti_Chunya

Asipofungua macho ataingiza mkono kwenye shimo la nyoka. Jamaa katoa ushauri wa usalama.

---

Mzee_wa_Ramani (Iringa)

Vijana, mnagombania mita 10 wakati kuna watu wanakosea mita 300 na hakuna anayefungua uzi. Nawasema wanaochukua namba kwenye zile ramani za karatasi za zamani, za kipimo cha 1:50,000, wanaziingiza kwenye GPS kama zilivyo. Ramani zile zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali, Arc 1960. Simu na makasha yote yanatumia WGS84. Nukta ile ile ukiisoma kwenye mifumo hii miwili, inahama takriban mita 300, zaidi kwenye kaskazini na kusini. Kama umepewa namba za UTM (zinazohesabu mita badala ya nyuzi), Mbeya, Njombe na Iringa mjini zote ziko ukanda wa 36 Kusini, lakini jina la mfumo liangalie kwanza kwenye maandishi ya pembeni ya ramani. Hilo ndilo la kukasirikia.

---

Nyasi_za_Kitulo

Shikamoo @Mzee_wa_Ramani. Hoja yako ni nzito ila mgeni wa leo ramani ya karatasi ataitoa wapi?

Malalamiko ya kweli ni ya wanaohamisha. Mtu kaliona kasha, kaandika jina kwenye karatasi iliyo ndani, halafu anajifanya fundi: "nimelisogeza kidogo lipate kivuli." Kidogo ni mita 3! Anayefuata anasoma dokezo linalosema chini ya jiwe, kasha liko kwenye mti. Ulipolitoa, ndipo unapolirudisha, na lilivyofunikwa ndivyo unavyolifunika. Kama unaona limekaa vibaya, mwandikie mwenyewe.

---

Tochi_Tukuyu

Ongeza wanaoacha biskuti na pipi ndani. Panya anatoboa, siafu wanafuata, mvua inamalizia. Utaratibu ni kitu kisichooza, na ukichukua kitu unaacha chenye thamani ileile au zaidi. Kile kidude chenye bati la namba sio zawadi, kinatakiwa kiende kasha jingine na safari yake iandikwe. Msikifungie funguo za nyumba.

---

Mgeni_Mwanjelwa

Samahani wakuu, kuna kasha dokezo lake limeandikwa WVJR. Ni lugha gani hiyo?

---

BintiMafinga

@Mgeni_Mwanjelwa limefungwa ili usilione kwa bahati mbaya. Kila herufi imesogezwa nafasi 13: A inakuwa N, B inakuwa O, mpaka mwisho wa alfabeti. W ni J, V ni I, J ni W, R ni E. JIWE. Programu nyingi ukigusa dokezo linajifungua lenyewe. Na ulisome mapema, usione aibu, limewekwa lisomwe.

---

Kiberiti_Chunya

Jiwe, Iringa? Kule ambako kila unapogeuka kuna jiwe? Aliyeandika dokezo hilo ni ndugu yake Fungua Macho.

---

Gangilonga_Juu

@Kiberiti_Chunya mawe yetu usiyaguse. Kasoro ni ya aliyeandika. Dokezo la sehemu ya mawe mengi linataja urefu na upande: "usawa wa goti, ufa unaoangalia mjini." Neno moja "jiwe" kwenye mlima wa mawe ni matusi.

Kiukweli wanaoniudhi zaidi ni wapita njia. Mtu anakuja likizo, anaficha kasha, anarudi kwao Ulaya. Masika ikiingia kifuniko kinapasuka, karatasi inakuwa uji, na hakuna wa kubadilisha. Kanuni inataka mwenye kasha aweze kulifikia na kulitunza. Wageni wanakwama kwenye makasha yaliyokufa, halafu wanajiona hawafai.

---

Nyasi_za_Kitulo

Na misimu, jamani. Kasha lililofichwa Agosti nyasi zikiwa zimelala, Machi liko chini ya majani ya kiunoni. Septemba na Oktoba moto wa nyika unapita, la plastiki linayeyuka linabaki donge. Angalia waliolipata wamelipata mwezi gani. Ujumbe wa Julai haukusaidii kitu wakati wa masika.

---

Kava_la_Sumaku

Mbona hamjataja kava? Kava za simu zenye sumaku za kufungia zinapotosha dira ya simu vibaya sana. Vua kava, ichezeshe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa, ndipo uiamini. Toa pia ile hali ya kubana betri, kwenye simu nyingi inapunguza kazi ya GPS. Ukienda sehemu isiyo na intaneti, pakua ramani na maelezo ya kasha ukiwa bado mjini. Ukifika, simama mahali pa wazi uipe simu dakika kadhaa kabla ya kuingia msituni. Bila intaneti inasubiri setilaiti zenyewe zitangaze njia zao, na kila moja inachukua kama sekunde 30 za mawimbi yasiyokatika. Chini ya miti yanakatika, inaanza upya.

---

Dira_ya_Loleza

@Kava_la_Sumaku umeona? Sumaku, betri, intaneti. Sababu tatu na hakuna hata moja iliyoko machoni. Fungua macho! Bado linanichoma.

---

Tochi_Tukuyu

Tumekusikia mkuu, kunywa maji.

Wageni wasikie na hili: kupapasa chini ya daraja magharibi inaingia kunaleta maneno. Watu hawajui jiokashi, watadhani unafukia dawa. Nenda asubuhi jua limetoka, salimia wenyeji, waonyeshe mchezo wenyewe kwenye simu, na kama ni karibu na makazi pitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Usichimbe, makasha hayazikwi. Ukiona ni lazima uchimbe, umekosea mahali. Reli ya TAZARA, kambi na vituo vya polisi usisogee.

---

Kiberiti_Chunya

Hayazikwi? Mbona la kwanza kabisa duniani lilizikwa?

---

Mzee_wa_Ramani

Nusu. Ilikuwa ndoo nyeusi, Dave Ulmer aliiweka Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali yao kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameshaiona. Kanuni ya kutozika ilikuja baadaye. Lakini zingatieni: ndoo. Mgeni aanze na kasha kubwa, sio kikopo cha ukubwa wa kidole kilichobandikwa nyuma ya bango.

---

Mgeni_Mwanjelwa

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu jiwe. Nibebe nini?

---

BintiMafinga

Glovu ngumu, fimbo ya kuchokolea shimo kabla ya mkono (nyoka, nge na siafu huko ndiko wanakoshinda), tochi hata kama ni mchana, kioo kidogo cha kuangalia chini ya vyuma, kibano cha kuchomoa karatasi iliyokunjwa, pawabenki. Na kalamu. Makasha madogo hayana kalamu ndani, na bila jina kwenye karatasi haihesabiki.

---

Gangilonga_Juu

Kalamu ya wino? Karatasi yenye unyevu haishiki. Penseli.

---

Kiberiti_Chunya

Penseli inafutika. Wino.

---

Nyasi_za_Kitulo

Wino kwenye unyevu wa Kitulo unasambaa mpaka jina lako na la aliyetangulia yanakuwa doa moja. Risasi ya penseli maji hayaiondoi. Penseli haina mjadala.

---

Mgeni_Mwanjelwa

HB au 2B?

---

Gangilonga_Juu

2B. HB ni ngumu, ukikandamiza kwenye karatasi mbichi inachana. Ila ikate fupi ienee kwenye mfuko wa shati, na kichongeo usisahau.