Mazoezi ya macho na matone ya dawa kwa macho makavu: vitolewe pamoja?

Wadau, naomba tulijadili hili, maana linamgusa kila anayeshinda kwenye skrini. Mtu anakwenda kulalamika kuwa macho yanachoma, yanakwaruza kama yana mchanga, na akisoma maandishi yanafifia. Anaandikiwa matone ya dawa, na papo hapo anapangiwa mazoezi ya macho ya wiki kadhaa, vyote kama tiba moja ya ukavu. Wanaounga mkono wanasema macho yatibiwe kwa ukamilifu wake. Wanaopinga wanaona mgonjwa anatozwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Mimi nasema viende pamoja pale tu ambapo kila tatizo limepimwa kivyake na likaonekana. Yamenikuta mwenyewe. Nilitia matone kwa miezi, muwasho ukapungua, lakini kila jioni mistari ya maandishi ilizidi kupandana. Mpaka mtaalamu mmoja aliposogeza ncha ya kalamu taratibu kuelekea puani kwangu. Ikiwa bado mbali kabisa na pua, nikaona kalamu mbili. Macho yangu yalikuwa yanashindwa kukutana kwenye kitu cha karibu, na kwa hilo hakuna tone linalosaidia.

Dalili za matatizo haya mawili, ukavu na macho kushindwa kukutana, zinafanana mno, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna dokezo ambalo mtu anaweza kulijaribu hata kabla ya vipimo: ukungu ukiondoka baada ya kupepesa, shuku machozi, maandishi yakitulia unapoziba jicho moja, shuku ushirikiano wa macho, yaani namna macho mawili yanavyolenga kitu kimoja kwa pamoja. Halitoshi kuwa kipimo, ila unaweza kumweleza daktari.

Watetezi wa mazoezi hupenda kutaja utafiti wa Marekani wa 2008, ambapo asilimia 73 ya watoto waliofanyishwa mazoezi kliniki kwa wiki 12 walipona au kupata nafuu, wakati waliopewa mazoezi ya kuigiza walikuwa asilimia 35. Ni utafiti mzuri. Lakini wale walikuwa watoto wa miaka 9 hadi 17 wenye tatizo la macho kukutana, si watu wazima wenye macho makavu. Kuutumia kuuza tiba ya ukavu si haki.

Zoezi ambalo kweli ni la macho makavu ni la kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini zinashuka hadi 5 hivi, tena nyingi ni nusu nusu, kope la juu haligusi la chini. Sehemu ya chini ya jicho inabaki wazi inakauka, na mafuta ya tezi za kope, yanayozuia machozi kuyeyuka, hayakamuliwi vizuri. Kufumba taratibu mpaka mwisho, kutulia kidogo, kisha kufumbua: hilo halihitaji kliniki.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Matone ya saiklosporini, yanayopunguza uvimbe kwenye uso wa jicho, huchukua miezi 3 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na mwanzoni huchoma. Ukianza na mazoezi siku hiyo hiyo, wiki ya sita ukapata nafuu, utasema mazoezi yameniponya na kuacha dawa ambayo hata haijaanza kufanya kazi. Ndiyo maana naona ukavu utangulie. Isitoshe, jicho kavu lina ukungu, na ukungu huo unaweza kuvuruga hata vipimo vya ushirikiano wa macho.

Najua hoja ya upande wa pili: mwanafunzi mwenye matatizo yote mawili asisubirishwe miezi yote hiyo. Akiwa amepimwa yote, nakubali, aanze pamoja. Je, wewe uliyepewa vyote viwili, ulisogezewa kalamu? Uliwekewa karatasi ya kupima machozi chini ya kope? Au uliulizwa tu maswali, ukaandikiwa?