Waandaaji wa vikundi vya mijadala, acheni kutuuzia semina mkisema ni urafiki!

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina ugomvi na waandaaji wa vikundi vya mijadala na vya kusoma vitabu hapa Dar, hasa vile vinavyojinadi "njoo upate marafiki wapya". Marafiki gani? Mtu ana miaka 34, aliosoma nao wametawanyika, wa kazini wanaishia getini, anatafuta watu wawili watatu wa kupiga nao soga. Anakuja kwenu, anakuta viti vimepangwa kama mtihani wa taifa.

Tupige hesabu, maana ratiba mnazipenda. Kikao cha saa 2 ni dakika 120. Dakika 30 zinaliwa kumsubiri mwenye projekta, amekwama Ubungo. Utambulisho wa jina, kazi na "matarajio yako" dakika 20. Mgeni mwalikwa 25. Matangazo na picha ya pamoja 15. Zimebaki 30, watu 25. Kila mmoja ana dakika moja na sekunde 12, na hapo bado hajasimama yule wa "mimi nina machache tu", ambaye peke yake anameza kumi.

Na hicho kikao ni mara moja kwa mwezi! Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti mwaka 2018: watu kutoka kufahamiana tu hadi kuwa marafiki wa kawaida huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki wa karibu, zaidi ya 200. Ninyi mnatoa 24 kwa mwaka. Rafiki wa kawaida anapatikana mwaka wa tatu, wa karibu mwaka wa tisa, tena iwapo sura ni zilezile. Hazirudi, kwa sababu kila mwezi mnatangaza nafasi kwa wageni na kuanza tena utambulisho.

Kutaneni kila wiki, siku ileile, saa ileile. Fungeni mlango kwa wiki 8, wageni waingie awamu inayofuata. Wagaweni watu wannewanne, swali moja, dakika 25, kisha kila kundi liseme jambo moja kwa wote. Kwa nini wanne? Mwanasaikolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake walionyesha tangu 1995 kwamba maongezi ya kawaida hayabebi zaidi ya watu wanne hivi, akija wa tano yanapasuka. Nenda harusi yoyote, meza ya watu kumi ina maongezi matatu na mmoja anachezea simu. Na tafadhali, hao wanne msiwachanganye kila wiki eti "wafahamiane wote". Waacheni pamoja vikao vinne mfululizo. Cha kwanza wanaheshimiana, cha pili wanabishana, cha tatu mmoja anauliza mwenzake mbona wiki iliyopita hakuonekana. Hilo swali ndilo mnalolitafuta, na ninyi mnalivunja kwa kupiga kura upya za makundi!

Kosa jingine ni kufunga ukumbi dakika ileile mjadala unapoisha. Watu wanaanza kuongea kweli wakishasimama, mkoba begani. Mlinzi anatikisa funguo. Wa Mbagala anakimbilia gari, wa Kigamboni anawahi kivuko. Anzeni saa 9 alasiri, malizeni saa 11, ukumbi ubaki wazi hadi 12. Chagueni sehemu iliyo jirani na kituo cha mwendokasi, isiwe hoteli ya Masaki ambako kurudi ni bodaboda na magari mawili. Muziki uzimwe. Na mikono ipewe kazi: kahawa, kashata, bao, drafti. Kijiwe cha kahawa hakina mwenyekiti, na mtu anaweza kukaa kimya nusu saa bila kuulizwa matarajio yake.

Hatukuanza leo, jamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa na vikundi vya redio nchi nzima: mnasikiliza kipindi, mnasoma kijitabu, mnajadili, halafu mnachimba choo pamoja. Ninyi mkimaliza kujadili mnafungua kundi la WhatsApp.

Tena la watu 300! Wiki ya kwanza "karibuni sana", ya pili mikeka ya kubeti, ya tatu michango ya harusi ya mtu asiyejulikana, ya nne wote wameliwekea kimya. Kundi kubwa liwe la admini kutangaza siku na mahali, basi. Wale wanne wawe na lao.

NYONGEZA: Anayesema vijiwe ni vya wanaume, kweli, na ndiyo maana kina mama wametuzidi. Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kinakutana kila wiki, mchelewaji faini, asiyefika bila taarifa faini. Saa zinatimia zenyewe.

Anayeuliza kiingilio: elfu kumi kwa kikao ni wizi. Kahawa, kashata na shukrani ya mwenye eneo, watu 16 wakitoa elfu mbili mbili ni 32,000, inatosha. Projekta ibaki nyumbani.