Tupeane uzoefu: INT_MAX ilikuliza wapi?

Wakuu wa Kusini, leo tuweke minada pembeni. Mnaoandika programu kwa lugha ya C au kuchokonoa kerneli (kiini) ya Linux, INT_MAX, yaani ukomo wa juu wa namba nzima za aina ya int, umewahi kukuumbua? Naanza mimi, niko Mikindani.

Msimu mmoja wa korosho niliandikia chama cha msingi programu ya malipo, jumla nikaiweka kwenye int. Nikajaribu na magunia kumi, safi kabisa. Ukaja mzigo wenyewe: tani 800, kilo shilingi 3,000. Skrini ikaandika -1,894,967,296. Katibu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. "Kijana, kwa hiyo sasa wakulima ndio wanadaiwa?" Int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647, mimi nilikuwa naipakia bilioni 2.4.

Wa Masasi: Pole mkuu 😂 Mimi ujuaji uliniponza. Kwenye moduli yangu ya kwanza ya kerneli nilijiandikia konstanti ya ukomo wa chini kwa mkono: -2147483648. Kuichapisha kwa %d (alama ya kuchapisha int), kompaila ikapiga kelele kwamba hiyo ni long (aina pana zaidi), si int. Nilikesha. Kumbe C haioni namba hasi pale. Inasoma kwanza 2147483648, inakuta haienei kwenye int, inaipandisha cheo, ndipo inageuza alama. Fungueni limits.h ya kerneli mwone walivyokwepa: INT_MIN, ukomo wa chini, ni (-INT_MAX - 1). Na INT_MAX hawakuandika tarakimu hata moja, ni ((int)(~0U >> 1)), yaani washa biti zote kisha zisukume hatua moja kulia. Nilifuta yangu kimyakimya.

Wa Lindi mjini: Mie draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya mzani, kwenye bodi ndogo ya kompyuta ya biti 32. Kila nikiwasha, dakika tano tu mzani kimya. Nikalaumu umeme, nikanunua UPS (betri ya akiba). Wapi! Kaunta ya jiffies (mapigo ya saa ya kerneli) ikijaa inarudi sifuri, na kerneli huianzisha makusudi dakika 5 kabla ya kujaa ili wazembe tujulikane mapema. Nilikuwa nalinganisha muda kwa < badala ya time_after, ambayo haichanganyikiwi kaunta ikirudi sifuri.

Wa Newala: Mimi bado, nasubiri 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde zinazohesabiwa tangu 1970 kwenye namba ya biti 32 yenye alama zinajaa siku hiyo.

Wa Mikindani: Haya. Mkuu wa Lindi, hiyo UPS unauza?