Dodoso linasema ndiyo, darasani sioni kitu. Nifanyeje na huu utafiti?

Wakuu habari za jioni. Nipo mwaka wa pili wa masters hapa Dar, utafiti wangu ni matumizi ya teknolojia kwenye kufundisha na kujifunza Kiingereza, sekondari za serikali huku Temeke, shule nne. Barua za kibali nimezungushwa weee mpaka soli imeisha ila hiyo sio ishu ya leo.

Ishu ni kwamba dodoso nimegawa, walimu karibu wote wameweka vema kwenye "ndiyo, natumia teknolojia mara kwa mara", nikafurahi nikajua sura ya nne, ile ya matokeo, imeshajiandika yenyewe. Sasa nikaenda kukaa darasani, nyuma kabisa na daftari langu. Wiki ya kwanza chaki. Wiki ya pili chaki. Shule ya tatu mwalimu akaja na projekta, kumbe imetolewa ofisini kwa mkuu asubuhi ile ile kwa ajili yangu mimi, eksitensheni imeazimwa maabara, af ilivyowaka watoto WAKAPIGA MAKOFI. Hapo ndo nikaelewa hawajawahi kuiona ikiwaka.

Msimamizi anasema andika ulichokikuta. Sawa, ila nimekuta nini? Walimu waongo? Siwezi kuandika hivyo, watu wamenipokea vizuri, chai na maandazi yao nimekula. Nawasilisha.

chaki_nyeupe: Hayo makofi yaweke kwenye ripoti kama yalivyo mkuu, yana maana kuliko dodoso lote 😂

Mama_Mbagala: Mdogo wangu mimi ni mwalimu wa Kiingereza miaka mingi tu na madodoso kama hayo nimejaza mengi, ngoja nikuambie. Dodoso linakuja limeambatana na barua ya mkurugenzi wa manispaa, kwenye barua imeandikwa teknolojia, mwalimu gani ataweka vema kwenye hapana? Anajua keshokutwa ataambiwa haendani na wakati. La pili, ukisema teknolojia mwalimu anawaza projekta na chumba cha kompyuta. Hakuna anayewaza simu yake mwenyewe. Ungeniuliza "jana usiku ulituma nini kwenye grupu la kidato cha pili" ningekujibu bila kufikiri: nimepiga picha ukurasa wa kitabu maana darasani vitabu havitoshi, nikausoma kwa voisi taratibu, nikawaambia na wao wasome wanitumie. Wanatuma saa tatu saa nne usiku, mama akisharudi kwenye biashara maana simu ni yake. Nyuma ya sauti unasikia tivii, unasikia mtoto analia, lakini kile Kiingereza darasani hakisemi, anaogopa kuchekwa. Na bando ni langu, hilo pia hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe umekaa nyuma ya darasa saa nne asubuhi, simu shuleni haziruhusiwi, ulitegemea uone nini?

Mzee_wa_Ubungo: Mama kamaliza. Naongeza tu kwamba hili swali, kama chombo chenyewe kinafundisha au ni unavyokitumia, ni la siku nyingi. Mwaka 1983 mtafiti mmoja wa elimu Mmarekani, Richard Clark, aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula, lori halikuongezei lishe, lishe ipo kwenye kilichopakiwa. Mtafiti mwenzake Robert Kozma akaja kumpinga, 1994 bado wanajibizana, akisema kila chombo kina uwezo wake na tuangalie unatumikaje. Mimi kwenye hilo la voisi nipo na Kozma, maana voisi mtoto anaifuta na kurudia mara kumi kabla ya kutuma na darasani huwezi kufuta. Ila ukiwapa tableti wiki mbili wakachangamka usikimbilie kuandika zimefaulu, kitu kipya kila mtu anakichangamkia.

Bi_Kariakoo: Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni. Siku hizi wanakuja wameshaanzia Duolingo, ile app ya kujifunzia lugha, iliingiza Kiswahili 2017. Ngeli wanazijua aisee, "kitabu kizuri, vitabu vizuri" bila kukosea, sasa mtoke naye mpaka kituoni, konda amwambie "mambo vipi, sogea hapo", anabaki kanitolea macho. Nilikuwa naibeza hiyo app, siku hizi naacha iwapigishe hayo mazoezi mimi nawapeleka sokoni.

Muuliza swali: Dah. Mama Mbagala shikamoo, hilo swali la "jana usiku ulituma nini" nimeliiba. Msimamizi nimemwambia naongeza usaili, kaguna ila kakubali. J3 narudi Temeke. Sasa hizo voisi za wanafunzi nikitaka kuzitumia kama data, mzazi asaini si ndio?

Mama_Mbagala: Marahaba. Mzazi asaini, mtoto naye umuulize, na mwenye simu pia. Kwenye grupu langu kuna simu mbili za shangazi na moja ya baba mwenye nyumba.